Uzi wa Kioo Unaofika Kiriri

Kiriri ni mtaa ulioketi mlimani, upande wa mashariki wa mji wa Bujumbura. Mtu akisimama hapo na kuelekeza uso wake magharibi, huona maji ya Ziwa Tanganyika, mapaa ya Rohero, Bwiza na Buyenzi, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira katika Kongo. Ni mtaa wa nyumba kubwa zenye kuta na malango, na ni mtaa wenye kampasi mojawapo ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kwenye malango yake mengi husimama askari, na usiku mji ulalapo, wao ndio walio macho.

Nyumba hizo huunganishwa na dunia kwa kitu ambacho wapita njia hawakitazami mara mbili: uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Mahali pengine uzi huo umefukiwa ardhini ndani ya bomba la plastiki, mahali pengine umetundikwa juu ya nguzo. Kwa uzi huo mtu huzungumza na Brussels, huagiza bidhaa Dubai na kupokea hati kutoka Nairobi kabla chai yake haijapoa. Askari hulinda lango, lakini aghalabu hajaelezwa kwamba analinda pia njia. Wala mke wake, anayeuza vitenge au kusuka vikapu huko bondeni, hajaelezwa kwamba njia hiyo inaweza kuwa yake pia. Ni vema basi kutazama njia hiyo ilijengwa na nani, kwa ushirikiano wa namna gani, na yaweza kumfaa nini mwenye biashara ndogo.

HABARI YA BEI

Wafanyabiashara wa zamani wa Ujiji walijua siri moja: anayeijua bei mapema ndiye anayepata faida. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mwa wapagazi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, safari ya miezi. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja. Tangu hapo tajiri wa Unguja aliweza kupata habari za masoko ya Ulaya bila ya kungojea meli. Mwenye pembe aliyekuwa bara alibaki na habari ya msimu uliopita. Aliuza kwa bei aliyotajiwa, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kulinganisha nayo.

Mwaka 1903 waya mwingine, uliokuwa sehemu ya ndoto ya Cecil Rhodes ya kuiunganisha Cape na Cairo, ulifika Ujiji kutoka kusini, ukakomea hapo. Kaskazini ya ziwa, huko Usumbura, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuweka kituo cha jeshi tangu mwaka 1897, na mji ukakua kuizunguka boma. Waswahili walioletwa na biashara ya ziwa walifanya makao yao, na mpaka leo Buyenzi husikika Kiswahili kuliko lugha nyingine yo yote.

Wafanyabiashara wa mitaa hiyo hawakukosa bidii. Walikosa umoja na mtaji. Mwaka 1957 Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, ili wenyeji waweze kununua na kuuza pamoja badala ya kila mmoja kusimama peke yake mbele ya makampuni ya wageni. Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Ushirika huo ulipata taabu za fedha, na wakoloni hawakuutazama kwa jicho jema. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya uhuru wa mwaka 1962, na kaburi lake liko kwenye mlima huo huo, jirani na Kiriri, likiutazama mji. Lakini fikira yake ilibaki: mnyonge hupata nafasi sokoni kwa kuungana na wanyonge wenzake. Fikira hiyo ndiyo, miaka hamsini baadaye, iliyouleta uzi wa kioo Bujumbura.

NCHI ISIYO NA PWANI

Kabla ya mwaka 2009 pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo hata mmoja wa nyuzi za mwanga uliopita baharini. Mawasiliano ya intaneti yalipitia setilaiti zilizo angani kilomita 36,000 juu ya dunia. Neno likitoka Bujumbura lilipaa mpaka huko, likashuka Ulaya, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo ndefu. Huduma ilikuwa ya polepole na ghali mno, hata ofisi kubwa ilinunua kwa kipimo, sembuse mwenye duka.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huo huo Kenya, iliyochoshwa na majadiliano marefu ya mataifa mengi, ilikamilisha mkongo wake wa TEAMS kutoka Mombasa mpaka Fujairah katika Ghuba. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa karibu kilomita 10,000, kutoka Mtunzini katika Afrika Kusini mpaka Port Sudan.

Hapo ndipo lipo jambo ambalo Mrundi anaweza kulitaja kwa fahari. Burundi haina hata hatua moja ya pwani, na kampuni moja ya nchi ndogo isingeweza kudai kiti katika mradi wa namna hiyo. Kwa hiyo makampuni ya simu ya nchi kadhaa za Afrika, nyingi kati yake ndogo au maskini, yaliungana yakaunda kampuni moja iitwayo WIOCC, na kwa mlango huo yakaingia katika EASSy. Shirika la simu la taifa la Burundi, ONATEL, lilikuwa miongoni mwa wenye hisa, pamoja na U-COM ya Burundi. Wengine walitoka Lesotho, Shelisheli, Djibouti, Somalia, Uganda, Msumbiji na Zanzibar. Vidogo vilipokusanywa, WIOCC ikawa mwenye hisa kubwa kuliko wote katika mkongo ule. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilijaza bahari.

Lakini mkongo wa baharini hukomea ufukweni. Kutoka Dar es Salaam mpaka Bujumbura kuna zaidi ya kilomita 1,000 za pori, mito na milima. Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, kwa mkopo kutoka China, na tawi lake mojawapo likafika Kabanga, mpakani na Burundi. Upande wa pili wa mpaka, huko Kobero, uzi wa Tanzania hupokelewa na uzi wa Burundi. Njia nyingine hupitia Rwanda.

Ndani ya nchi kazi ilifanywa na Burundi Backbone System, ubia ulioyaunganisha makampuni ya mawasiliano na serikali. Benki ya Dunia, katika mpango wake wa mwaka 2007 wa kuziunganisha Kenya, Madagaska na Burundi, ilitoa kwa Burundi msaada wa dola za Marekani milioni 20.1. Mkongo uliojengwa una urefu wa karibu kilomita 1,300, ukizunguka vilima na kuifikia miji ya mikoa. Badala ya kila kampuni kuchimba handaki lake katika barabara ile ile, makampuni yalikubali kutumia handaki moja na kushindana juu yake. Baadaye kampuni ya Lumitel, iliyoanza huduma zake mwaka 2015, ilijenga pia mtandao wake.

Yafaa kukumbuka orodha hii kila mtu aonapo alama ya intaneti kwenye simu yake. Neno moja kutoka Bujumbura hupita mikononi mwa kampuni ya hapa, mkongo wa nchi, mpaka, mkongo wa jirani, kituo cha ufukweni na mkongo wa baharini wenye wenyewe wengi, mpaka limfikie mnunuzi. Hakuna mmoja wao aliye bwana wa njia nzima.

KUTOKA MLIMANI MPAKA BONDENI

Katika mji wo wote makampuni hupeleka uzi kwanza penye wateja wenye uwezo wa kulipa kila mwezi: mabenki, hoteli, ofisi za mashirika na mitaa kama Kiriri. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba uzi wa kioo ni anasa ya matajiri, kama bustani ya maua na mbwa wa ulaya. Dhana hiyo ina kosa.

Simu ya mkononi haizungumzi moja kwa moja na Dubai. Huzungumza na mnara ulio karibu, na mnara huo nao lazima uwe na njia ya kupeleka maneno mbele. Penye mkongo, minara mingi huunganishwa nao. Mama wa Buyenzi anunuaye bando la faranga chache, akatuma picha ya kitenge kwa mteja wake aliye Lubumbashi, ametumia mkongo ule ule unaotumiwa na benki. Tofauti ni kwamba tajiri huletewa uzi mpaka sebuleni, na maskini huufuata mnarani.

Hata hivyo tofauti hiyo si ndogo. Wananchi wengi wa Burundi bado hawatumii intaneti. Simu za kisasa ni ghali kwa mshahara wa kawaida, umeme haujafika vijiji vingi, na mtu asiyejua kusoma hawezi kuyafaidi maandishi. Mkongo wa kilomita 1,300 ni kama barabara kuu: unafaa sana, lakini mwenye shamba lililo mbali nao angali anatembea kwa miguu. Kazi iliyobaki ni ya kuchonga vijia, na hiyo ndiyo inayokawia katika kila nchi, kwa sababu haina sherehe ya kukata utepe.

MNADA USIO NA UKUMBI

Kama mtu anataka kuona kwa macho jinsi uzi unavyolileta soko la dunia, aitazame chai na kahawa.

Chai ya Burundi, inayolimwa katika nyanda za baridi kama vile Teza na Rwegura, kwa miaka mingi imekuwa ikipitia mnada wa Mombasa, pamoja na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine za jirani. Zamani wanunuzi na madalali walikaa katika ukumbi mmoja wakipaza sauti. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mnada huo ulihamishiwa katika mitambo ya kompyuta. Ukumbi ukawa kimya, na mnunuzi akaweza kutaja bei yake bila ya kuondoka ofisini mwake.

Kahawa ina kisa kingine. Kahawa ya Burundi ni ya aina ya arabika, na nyingi hutoka sehemu za Kayanza na Ngozi. Kwa muda mrefu iliuzwa kwa jumla, kahawa nzuri ikichanganywa na ya kawaida, na mkulima aliyechambua buni zake kwa uangalifu alilipwa sawa na yule aliyezitupa kwenye gunia na majani yake. Mwaka 2012 yalifanyika Burundi kwa mara ya kwanza mashindano yaitwayo Cup of Excellence. Waonjaji wa nchini na wa kimataifa huonja kila kahawa bila ya kuambiwa imetoka kwa nani, wakaipa maksi kwa 100. Zile zinazoshinda huuzwa katika mnada unaofanyika kwa intaneti. Mnunuzi aliye Japani na mnunuzi aliye Ulaya hushindana kwa saa kadhaa juu ya magunia machache yaliyotoka kwenye kilima kimoja, na bei huonekana na kila mtu.

Mtu asidhani kwamba mnada huo umewatajirisha wakulima wote. Magunia yanayoshinda ni machache mno ukilinganisha na mavuno ya nchi. Lakini umefanya jambo kubwa, nalo ni kulipa jina la kilima thamani. Wahenga husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa kwa soko ambamo mnunuzi na muuzaji hutazamana uso kwa uso. Kizuri kilicho nyuma ya milima, kisichosikika, hakijiuzi. Huuzwa na mwingine, kwa bei ya mwingine. Uzi wa kioo umekipa kizuri sauti.

Msomaji atambue pia kwamba si uzi peke yake uliofanya kazi hiyo. Kabla ya mnada kulikuwa na waonjaji, kipimo, magunia yaliyofungwa na kutiwa alama, na ahadi kwamba kahawa iliyoonjwa ndiyo itakayopakiwa. Mnunuzi wa Tokyo hakuamini kompyuta; aliamini kipimo. Uzi ulipeleka habari tu ya uaminifu uliokwisha kujengwa.

KIKAPU HAKIPITI NDANI YA UZI

Hapo ndipo penye funzo kwa mwenye biashara ndogo. Mfano ni mke wa askari asukaye vikapu vya agaseke, vyenye kifuniko kirefu kama chungu kilichochongoka. Amepata mteja Ubelgiji, kupitia kwa jamaa aishiye huko. Picha imefika kwa dakika moja, na mteja ameipenda. Je, biashara imekwisha? La, ndiyo kwanza inaanza.

Kikapu hakipiti ndani ya uzi. Lazima kipelekwe kwa ndege, kwa gharama ambayo huenda ikaishinda bei ya kikapu chenyewe, au kichukuliwe na msafiri. Mzigo mkubwa hupitia ziwani mpaka Kigoma, au barabarani kupitia Kobero, kisha Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2022 na 2024 Burundi ilipata uhaba mkubwa wa mafuta ya magari, na biashara nyingi zilikwama si kwa kukosa wateja bali kwa kukosa lita za petroli. Januari 2025 uliwekwa saini mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza katika Tanzania mpaka Musongati katika Burundi. Reli hiyo itakapokamilika, ndipo mwendo wa mzigo utakapoanza kuukaribia mwendo wa neno.

Kisha yapo malipo. Ndani ya nchi fedha hupita kwa simu, kwa huduma kama Lumicash na Ecocash, na mama huyo anaweza kulipwa na mteja wa Gitega akiwa jikoni mwake. Kutoka nje ni taabu. Pana masharti ya benki, ada, na tofauti ya bei ya fedha za kigeni baina ya benki na barabarani, tofauti inayoweza kula faida yote.

Tena yupo adui mwingine asiyesemwa sana. Barabara huenda na kurudi. Uzi unaomwezesha mama wa Bujumbura kuonyesha kikapu Brussels ndio unaomwezesha kijana wa Rohero kuagiza viatu Guangzhou. Wauzaji wa vipuri wa Buyenzi, ambao zamani walilazimika kusafiri mpaka Dubai kutazama bidhaa, sasa hutazama picha na kuagiza. Hilo si baya, maana nauli imeokolewa. Lakini Burundi hununua kutoka nje mara kadhaa zaidi ya inavyouza, na njia nzuri isiyo na bidhaa ya kwenda nayo sokoni huwa njia ya kutolea fedha. Kupata intaneti si ushindi. Ushindi ni kuwa na kitu cha kuuza kitakachopita juu yake.

UZI UKIKATIKA

Biashara inayotegemea uzi huonja pia machungu ya uzi. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei ya mwaka huo huo EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kaskazini ya Durban, na nchi za Afrika Mashariki zikapata msukosuko, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Matengenezo ya baharini hungojea meli maalumu, nayo hungojea hali ya hewa. Mtu aliyekuwa Bujumbura asiyejua hata Durban iko wapi alishangaa kwa nini simu yake ilikuwa nzito siku hiyo.

Dawa yake ni kuwa na njia zaidi ya moja. Nchi isiyo na pwani ikipitisha maneno yake Tanzania na pia Rwanda, na majirani wakiwa na mikongo mbalimbali ya baharini, kukatika kwa mmoja hakuleti giza. Tangu mwaka 2024 huduma ya setilaiti ya Starlink nayo inapatikana Burundi. Setilaiti zake huruka chini zaidi kuliko zile za zamani, na kwa hiyo hazikawizi maneno kama zile. Ni akiba nzuri kwa anayeweza kuinunua.

Lakini si kila uzi hukatwa na nanga ya meli. Aghalabu hukatwa na jembe, na tingatinga la mjenzi asiyeuliza, na maporomoko ya udongo wakati wa mvua, au mwizi anayedhani amepata shaba. Ndani ya uzi wa kioo hakuna shaba. Mwizi hapati hata bei ya kiberiti, ila ameziba mdomo wa soko zima. Askari wa doria anayeona watu wakichimba usiku kandokando ya barabara akawahoji, ameilinda akaunti ya mkulima wa Kayanza na ada ya shule ya mtoto wa Buyenzi.

KWA WALIO NYUMBANI

Familia za askari zina sababu ya pekee ya kuyafikiria mambo haya. Kuanzia Desemba 2007, kwa zaidi ya miaka 15, wanajeshi wa Burundi walihudumu Somalia. Wake wengi walizoea kupokea fedha na maneno ya waume zao kwa simu, na wengine walitumia fedha hizo kuanzisha biashara. Mshahara wa ugenini hukoma siku mume arudipo, na posho hukoma siku ya kustaafu. Biashara iliyojengwa vizuri huendelea. Kwa hiyo ni vema mwenye nyumba, mwanamume au mwanamke, azingatie mambo machache.

La kwanza ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao katika asubuhi moja. Karatasi nazo huungua. Leo mtu anaweza kupiga picha kurasa za daftari lake kila jioni na kumtumia ndugu aliye mji mwingine. Haigharimu ila bando dogo, na siku ya msiba itakuwa ushahidi wa nani anadai na nani anadaiwa.

La pili ni kipimo. Mnunuzi wa mbali hawezi kukishika kitu, kwa hiyo hutegemea neno. Kikapu kipimwe kwa sentimita, ndagala waliokaushwa wapimwe kwa kilo, kitambaa kitajwe rangi yake ya kweli, na picha ionyeshe pia kasoro. Anayepeleka kitu kilekile alichokionyesha hupata mteja wa pili bila ya kumtafuta. Anayedanganya mara moja hulipunguza jina la mtaa mzima, kwa maana mnunuzi wa ng'ambo hatasema "fulani ni mwongo". Atasema "watu wa kule ni waongo".

La tatu ni umoja. Vikapu kumi havilipi gharama ya ndege, lakini vikapu 300 vya wanawake 30 vinaweza kulipa. Mteja mkubwa huuliza kwanza: "Mnaweza kunipa vingapi kwa mwezi?" Swali hilo mtu mmoja hawezi kulijibu. Kikundi chenye mweka hazina mwaminifu, simu moja nzuri na kijana mmoja anayejua Kifaransa au Kiingereza kinaweza.

La nne ni siri. Namba ya siri ya simu ya fedha haitajwi kwa mtu yeyote, hata kwa anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni. Anayeahidi faida kubwa kwa mtaji mdogo, au anayetaka alipwe kwanza "ada ya kufungulia mzigo", ni tapeli, na apelekwe polisi. Tena picha za bidhaa zisipigwe mbele ya kambi, silaha au magari ya jeshi. Uzi unaopeleka picha ya kitenge Lubumbashi hupeleka pia kile kilicho nyuma ya kitenge, na macho yanayotazama si ya wateja peke yao.

KIPANDE CHA KILA MTU

Wapo wanaoisifu intaneti kana kwamba ni mvua inayonyesha yenyewe na kuotesha yenyewe. Wapo pia wanaoidharau wakisema ni mchezo wa watoto. Historia ya mkongo wa Burundi haiungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Nchi isiyo na bahari ilipata sehemu ya bahari kwa sababu ilikubali kuwa mmoja kati ya wengi. Tanzania ilichimba kipande chake, Rwanda kipande chake, makampuni yakatoa hisa, na benki ikatoa msaada. Kama mmoja angekataa, uzi ungekomea njiani, kama waya wa mwaka 1903 ulivyokomea Ujiji.

Kipande kilichobaki ni kifupi kuliko vyote na ni kigumu kuliko vyote: kutoka mnarani mpaka kwenye meza ya mama mwenye vikapu, na kutoka mkononi mwake mpaka kwa mnunuzi ambaye hatamwona maisha yake yote. Kipande hicho hakichimbwi kwa tingatinga. Huchimbwa kwa shule, kwa umeme, kwa bei nafuu, kwa barabara na kwa sheria nzuri, na hayo ni wajibu wa wakubwa. Lakini huchimbwa pia kwa daftari safi, kipimo cha haki na neno lisilobadilika, na hayo hayangojei mtu. Soko la dunia, kwa ukubwa wake wote, huanzia kwa mtu mmoja aliyeahidi kupeleka kitu, akakipeleka.